Mahindi ya Petronila na Beseni Lililoingia Ukungu

Ukungu wa San Onésimo haubishi hodi. Kila asubuhi hushuka kutoka msitu wa misonobari, hupita juu ya mapaa ya vigae, kisha huingia jikoni kwa Delfina na kukaa. Delfina hakuwahi kuufukuza. Aliuacha uzunguke kati ya meko na dirisha, uchanganyike na moshi wa kuni na mvuke wa mahindi, mpaka mwenyewe hajui kipi ni kipi.

Alikuwa mwanamke wa kuota mchana. Macho wazi, mikono inafanya kazi, moyo uko kwingine. Mumewe, Maclovio, alikuwa na kawaida ya kusema kwamba ukimtuma Delfina chumvi, usikae na njaa ukimsubiri. Lakini kwa kupika, mji mzima ulimvulia kofia.

Kazi yake aliijua tangu utotoni. Alasiri alichemsha mahindi kwa maji na chokaa. Alikoroga mpaka maganda yakalegea. Kisha aliyaacha yalale ndani ya maji yale yale ya chokaa mpaka asubuhi. Kulipokucha aliyaosha, akayapeleka kwenye mashine ya kusaga, akarudi na donge lake. Kwa donge hilo alichoma tortiya, mikate myembamba ya mahindi. Mtu wa San Onésimo asipoila hiyo, hasemi amekula.

Mwaka huo Delfina alikuwa na jambo zito moyoni. Zamu ya kulisha mji siku ya mtakatifu ilikuwa imefika kwao. Zamu hiyo ilikuwa ya mama yake, Petronila. Zamani sana, Delfina akiwa mtoto, aliugua homa karibu afe. Petronila alipiga magoti kanisani akaahidi: mtoto akipona, nitaulisha mji kwa mahindi ya mkono wangu. Mtoto akapona. Lakini foleni ya kulisha mji ni ndefu, na waliotangulia walikuwa wengi. Petronila alingoja hadi nywele zikawa nyeupe.

Hatimaye aliitwa. Alifurahi sana. Alilima, akapanda mahindi yake ya buluu, akavuna, akapanga magunia darini. Kisha, kabla sikukuu haijafika, akafa. Alikufa usingizini, bila kelele, kama alivyoishi.

Kwa hiyo ahadi ilibaki na Delfina, na mahindi yalibaki darini. Mahindi hayo hayangepandwa tena na mkono ule. Delfina alijua hivyo kila alipopanda ngazi kuyatazama.

Tatizo lilikuwa vyombo. Sufuria kubwa ya shaba ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya kuchemshia. Mahindi ya kulisha mji yangelala wapi? Vyungu vya nyumbani vilikuwa vidogo.

Wa kwanza kuleta msaada alikuwa Obdulia. Obdulia alimsimamia binti wa Delfina, Ludivina, siku ya ubatizo, na tangu hapo wanawake hao wawili waliitana komadre. Alifanya kazi bondeni, kwenye karakana inayokusanya plastiki za zamani, kuziosha na kuzisaga ili zitengenezwe upya. Alikuja na pipa jeupe lenye mfuniko, jeupe la kufifia kama maziwa yaliyotiwa maji. Lilikuwa laini kidogo, na ukiligusa lilikuwa kama limepakwa nta.

Sasa, wanawake wa San Onésimo wana desturi yao ya kununua chungu. Wanaiita kuuliza chungu. Unakigonga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio. Kikijibu kwa sauti nyembamba na safi, ni kizima. Kikijibu kwa sauti nzito, kina ufa, muachie mwenyewe. Kwa chungu cha udongo, desturi hiyo haijawahi kumdanganya mtu.

Delfina aliligonga pipa la Obdulia. Likajibu: bu.

"Komadre, hiki kimekufa," alisema.

"Hakijafa. Kimenyamaza tu," Obdulia alijibu. "Wapo wanaosema sana na hawafai kitu. Nikupe mfano wa mtu?"

Walicheka. Kisha Obdulia akaanza kueleza jambo kuhusu chokaa na plastiki. Delfina alikuwa akitazama dirishani, jinsi ukungu ulivyokuwa ukifunika mnara wa kanisa kidogo kidogo. Alikuwa akiitikia "ndiyo, ndiyo," kwa adabu zote. Hakusikia hata neno moja. Obdulia aliporudi bondeni, alirudi na pipa lake.

Baada ya hapo Maclovio alikuja na furaha yake. Alikuwa dereva wa gari la mizigo. Hoteli moja ya mjini ilikuwa inabadilisha vyombo vya jikoni, naye akapata mabeseni mawili makubwa ya pembe nne, marefu, angavu kabisa. Ukiweka mkono upande huu, unahesabu vidole upande ule. Aliyashusha uani, akamwita mkewe na binti yake. Akapanda juu ya moja, na kiatu chake cha kazi, akaruka ruka. Akachukua nyundo ya mbao akalipiga. Beseni halikupata hata alama.

"Hili limetengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye mwanamke mkali," alisema.

"Ndiyo maana ukapanda juu yake," Ludivina alimjibu, "huko chini mama angekupata."

Delfina aliligonga. Likatoa sauti nyembamba, safi, ikakaa hewani kidogo. Alitabasamu. Alikuwa amepata vyombo vyake.

Tangu siku hiyo alilazia humo mahindi ya kila siku ili azoee kipimo. Aliliweka beseni moja dirishani, na hapo ndipo lilipomteka. Katika chungu cha udongo mahindi hulala gizani. Humu aliyaona. Aliona punje zikishuka polepole. Aliona maji yakigeuka manjano, maganda yakiachia na kupanda juu kama vitu vinavyoamka. Mwanga wa asubuhi ulipita katikati, ukaangukia ukutani, ukatikisika. Delfina aliketi kwenye kigoda akiangalia, na mara kwa mara, ndani ya mwanga ule, alimwona mama yake. Hakuona uso. Aliona mikono tu, ikichambua mahindi.

Alimsalimia. Alimweleza habari za nyumbani: kuku aliyepotea, bei ya kuni, Ludivina na kijana anayemchumbia, yule anayepiga tarumbeta vibaya. Alimwambia kwamba sikukuu inakuja na asiwe na wasiwasi. Hakumwambia mtu jambo hilo. Watu wangesema akili zimemruka.

Wiki zilipita. Beseni likaanza kuingia ukungu.

Ludivina ndiye aliyeona kwanza. "Mama, mbona hili halionyeshi tena vizuri?"

"Ni ukungu wa nje. Unaingia kila mahali."

"Ukungu wa nje haukai ndani ya plastiki, mama. Nimefuta, hautoki."

Delfina alidhani ni chokaa iliyoganda. Alichukua sabuni ya majivu, ile kali inayotoa mafuta kwenye sufuria, akasugua mpaka mikono ikamuwasha. Beseni likazidi kufifia. Kwenye pembe, chini, vilitokea vistari vyembamba kama unywele. Ludivina aliviona pia akavisema. Delfina alijibu kwamba ni mikwaruzo ya kusugua. Alijibu haraka, bila kuinama kutazama. Ukweli ni kwamba hakutaka kulipoteza beseni lile. Alihisi kama angelitoa dirishani, mikono ile isingerudi.

Siku ya kuchemsha mahindi ikafika. Keshokutwa ilikuwa sikukuu. Mchana ule magunia yalishushwa kutoka darini, na Delfina akaanza na nusu. Sufuria ya shaba ilichemka mara kwa mara, na jiko zima likanuka chokaa na ardhi yenye mvua. Mahindi ya buluu yakiingia kwenye chokaa hubadilika, yanakuwa na rangi ya mbingu kabla ya mvua kubwa. Wakajaza beseni la kwanza. Wakajaza la pili. Mvuke ukafunika kila kitu, hata mama na binti hawakuonana vizuri.

Ludivina alitaka kulisogeza la kwanza kidogo, lipate kukaa sawa juu ya benchi. Alilisukuma kwa viganja, taratibu. Pembe ikatoa sauti ndogo. Kisha upande mzima ukafunguka kutoka juu hadi chini.

Maji ya moto yenye chokaa yaliporomoka, na mahindi yakafuata. Ludivina aliruka nyuma, lakini mguu mmoja uliloa. Alipiga kelele moja tu, kisha akang'ata meno.

Bahati yao, Obdulia alikuwa anaingia uani akija kusaidia kunyonyoa bata mzinga. Alitupa kapu chini. Hakuuliza kitu. Alimshika Ludivina mkono, akamkalisha kando ya tangi, akamvua ndara, akaanza kummwagia maji baridi mguuni. Alimwaga na kumwaga. Ludivina alisema inatosha, Obdulia akasema bado. Maclovio alikuja mbio na chupa ya siki, kwa sababu alikuwa amesikia mahali kwamba siki inaua chokaa. Obdulia alimfukuza.

"Maji, Maclovio. Maji safi, mengi, kwa muda mrefu. Chokaa ikiingia mwilini au machoni, dawa ya kwanza ni maji. Siki itie kwenye kachumbari."

Mguu ulikuwa mwekundu, lakini ngozi haikutoka. Waliufunika kwa kitambaa safi. Ndipo Obdulia alipoingia jikoni, akamkuta Delfina amepiga magoti sakafuni, akizoa mahindi ya mama yake kwa mikono yote miwili.

"Nitayaosha," Delfina alisema bila kuinua kichwa. "Nitayaosha sana."

Obdulia alichuchumaa kando yake. Alichota konzi ya mahindi yale, akaitia kwenye bakuli la maji. "Haya. Nionyeshe vipande vya beseni viko wapi."

Delfina aliangalia. Hakuona kitu. Alizungusha bakuli, akaliweka kwenye mwanga. Hakuona. Obdulia aliingiza vidole, akapapasa chini, akatoa kijiti cha plastiki chenye ncha kama sindano. Ndani ya maji kilikuwa hakionekani kabisa.

"Ni angavu, komadre. Kikiwa majini kinapotea. Utasaga hivi, utawapa watu. Mzee Wilebaldo amebakiwa na meno ya kuhesabika, unataka kummalizia?"

Delfina alikaa kitako kwenye maji ya chokaa. Kisha macho yake yakaenda kwenye beseni la pili, lililokuwa bado limesimama, limejaa mahindi.

"Lile halijapasuka," alisema. "Lile litanitosha kiasi."

Obdulia alimwinua, akampeleka mpaka hapo. Alimwambia apitishe ukucha kwa ndani, juu ya usawa wa maji. Delfina alipitisha. Mahali palipokuwa pakiteleza kama kioo palikuwa sasa pamekwaruka, na unga mweupe ulibaki kwenye ukucha.

"Hiyo si chokaa iliyoganda?"

"Ingekuwa chokaa tu, ungeisugua ikatoka. Hili ni beseni lenyewe, linaliwa. Chokaa inalila. Sasa niambie, kinacholiwa kinakwenda wapi?"

Delfina alitazama ukucha wake. "Kwenye maji."

"Na kwenye maji kuna nini?"

Delfina alifunika mdomo kwa ncha ya shali yake.

"Ni kingi?" aliuliza. "Kinaweza kumdhuru mtu?"

"Pengine ni kidogo sana. Sijui. Ila plastiki hii ikivunjika inatoa vitu ambavyo madaktari hawataki viwe kwenye chakula, hasa cha watoto na wajawazito. Mimi siwezi kulisha watoto wa watu kwa neno pengine."

Basi Delfina akalia. Alilia kama mtoto, bila haya. Maclovio alisimama mlangoni ameshika kofia yake kwa mikono miwili, ameduwaa.

"Lakini nilisimama juu yake," alisema. "Nililipiga kwa nyundo. Nyote mliona."

"Na lingekubeba mpaka uzee wako," Obdulia alisema. "Sikatai. Plastiki hii inaitwa polikaboneti. Kwa kuvumilia kipigo, ni chache zinazoifikia. Wanatengenezea ngao za polisi na vifuniko vya mashine. Ukiweka maji humo, haina neno. Ukiweka unga, ndimu, siki, inavumilia. Lakini kupigwa ni jambo moja na kuliwa ni jambo lingine. Chokaa, magadi makali, sabuni ya majivu, amonia ya kusafishia, vyote hivyo vinaila. Dawa ya kufutia rangi ya kucha ndiyo mbaya kabisa, inaipasua hapo hapo. Na chokaa ikiwa ya moto, inaila upesi zaidi."

"Mbona ilipasukia pembeni?"

"Kwa sababu pembeni ndiko kunakobeba mzigo. Plastiki iliyokwisha kuliwa haipasuki mahali pasipo na kazi. Vile vistari kama nywele vilikuwa vinakuambia."

"Ludivina aliniambia," Delfina alisema. "Nami nikasugua kwa sabuni ya majivu."

"Ukaongeza chumvi kwenye kidonda."

Maclovio aliuliza ni chombo gani basi kisicholiwa na chokaa, kama kigumu hivi kimeshindwa. Obdulia alitoka, akarudi na pipa lake jeupe, maana alikuwa amekuja nalo tena, limefungwa mgongoni mwa punda. Kwa kisu alikata ukingo mdogo wa mfuniko. Aliokota na kipande cha beseni angavu. Akavitia vyote viwili ndani ya ndoo. Kile angavu kilizama. Kile cheupe kilielea.

"Karakana kwetu ndivyo tunavyovitenganisha," alisema. "Hiki kinachoelea ni polithini nzito. Kigonge, hakina sauti. Kiguse, kama nta. Ukikikanyaga kinabonyea kisha kinarudi. Sisi tunaosha chupa chafu kwa magadi makali kuliko chokaa yako, na magadi hayo tunayaweka kwenye mapipa ya aina hii miaka nenda miaka rudi. Mapipa hayaliwi. Chumvi hailiwezi, siki hailiwezi, chokaa hailiwezi."

"Kwa hiyo halina ubaya wowote?"

"Kila mtu ana ubaya wake, Maclovio, hata wewe. Hili linaogopa moto. Usiliweke karibu na meko, usimwagie kitu kinachotokota. Mahindi yakitoka jikoni, subiri mpaka uweze kuyasogelea bila kukunja uso, ndipo umwage. Usitie petroli humo, litainywa na kunuka. Usiliache juani mwaka mzima, litakauka livunjike. Na kubwa kuliko yote, ujue lilibeba nini kabla yako. Hili lilikuwa la pilipili za chumvi. Pipa lililobeba dawa ya wadudu, hata ulioshe mpaka lilie, si la chakula."

Akaligeuza, akawaonyesha chini. Palikuwa na pembetatu ya mishale, na ndani yake namba mbili. Akageuza beseni lililopasuka. Pembetatu yake ilikuwa na namba saba.

"Mbili ndiyo hii polithini nzito. Tano nayo ni nzuri kwa chokaa, na inavumilia moto kidogo zaidi. Saba ni kapu la mchanganyiko, wanatupwa humo wote wasio na kwao. Ukiiona saba, usiamini mpaka umwulize anayejua."

Kisha akamgeukia Delfina na kusema kwa upole kwamba alimweleza yote haya siku ile alipoleta pipa. Delfina alikumbuka mnara wa kanisa ukipotea katika ukungu. Alihisi aibu ikimpanda usoni.

Jioni hiyo walitupa mahindi ya mabeseni yote mawili. Hata kuku hawakupewa. Delfina aliyabeba mwenyewe, ndoo kwa ndoo, na hakutaka mtu amsaidie.

Nusu iliyobaki ya magunia haikutosha kulisha mji. Maclovio alisema wanunue mahindi meupe yoyote, nani atajua. Delfina alisema ahadi ilikuwa ya mahindi ya mkono wa mama yake, na mtakatifu si mtu wa kuzugwa. Obdulia alisema hajui mambo ya watakatifu, ila anajua kwamba kesho asubuhi wanawake wote watakuwa kwenye mashine ya kusaga, na mwenye shida huanza kwa kuisema.

Asubuhi Delfina alikwenda. Ukungu ulikuwa mzito, wanawake kwenye foleni walionekana kama shali tupu zilizotundikwa. Alisimama mbele yao akasema yote: beseni, vistari, binti aliyemwonya, mahindi ya Petronila yaliyokwenda na maji. Hakuacha kitu. Alisema sikukuu ni kesho na chakula hakitoshi, na kosa ni lake.

Kisha Bibi Eduviges, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, akasema:

"Mama yako angekuwa hai angekuchapa kwa mwiko."

"Angekuwa hai, nisingekuwa hapa," Delfina alijibu.

Eduviges alimtazama kidogo. Akachukua ndoo yake, akatoka kwenye foleni bila kusaga. Mwingine akamfuata. Delfina alirudi nyumbani peke yake, miguu mizito, akifikiri kwamba amewaudhi wote.

Alasiri aliwasha moto. Obdulia alikuwa amepata mapipa mengine ya pilipili kutoka karakana, ameyaosha, ameyapanga ukutani. Ludivina, mguu umefungwa, alikuwa ameketi akichambua nusu iliyobaki. Ndipo uani kukaingia wanawake, mmoja baada ya mwingine, na vikapu vilivyofunikwa vitambaa. Wa mbele alikuwa Eduviges. Hakusalimia. Alifunua kikapu chake juu ya mkeka, akamwaga.

Yalikuwa mahindi ya buluu.

Delfina aliyaangalia. Wa pili akamwaga, nayo yalikuwa ya buluu. Wa tatu vile vile. Yalikuwa punje zile zile, fupi, zenye doa jeupe kwenye ncha. Alizifahamu punje hizo kuliko alama za kiganja chake.

"Mwaka ule wa baridi kali iliyoua mashamba," Eduviges alisema, "mama yako alinipa konzi ya mbegu. Na huyu alimpa. Na huyu. Akasema tusimwambie mtu, asije akaonekana anajidai. Tumekuwa tukipanda hayo tangu wakati huo. Kwa hiyo usinishukuru. Ni ya mama yako, yalikuwa yanakaa kwangu tu."

Delfina aliinama, akachota mahindi kwa mikono yote miwili, akayaacha yadondoke tena polepole.

Wanawake hawakuondoka. Sufuria ya shaba ilichemka mpaka jua likazama. Kila ilipoteremshwa motoni, Obdulia aliwazuia kumwaga upesi, wakasubiri mvuke upungue, wakapiga soga. Kisha mahindi yakaingia kwenye mapipa meupe, yakafunikwa. Eduviges aligonga moja, likajibu bu, akakunja uso. Obdulia akamwambia alipindue la kwake nyumbani asome chini, aache kuliuliza kama mchumba. Kabla ya giza, nusu ya wanawake walikuwa wamekwisha kutuma watoto walete ndoo zao, na uani kulikuwa na ndoo zimepinduliwa matako juu, na watu wameinama wakitafuta pembetatu. Zilizokuwa na mbili au tano zilirudi na wenyewe. Ndoo mbili angavu zilipewa kazi ya kuwekea maharage makavu.

Asubuhi Delfina alifunua mapipa moja moja akiwa peke yake. Hapakuwa na ukungu ndani wala vistari. Plastiki ilikuwa laini na kimya kama jana. Mahindi yalikuwa yamelainika vizuri, maganda yakitoka kwa kuguswa tu. Hakuona kupitia ubavuni, kwa hiyo aliingiza mikono. Maji yalikuwa bado vuguvugu. Alichambua, akaosha, akachambua, na baada ya muda alitambua kwamba mikono ile aliyokuwa akiitazama dirishani alikuwa nayo hapo, inafanya kazi.

Mji ulikula. Walikula tortiya za buluu na bata mzinga kwa mchuzi mzito wa pilipili kavu, wakanywa uji wa mahindi, na yule kijana wa Ludivina akapiga tarumbeta vibaya kama kawaida. Ukungu ulishuka mapema ukakaa katikati ya meza, na watu wakapitishiana sahani ndani yake bila kuonana vizuri.

Mwisho wa karamu, kwa desturi ya San Onésimo, mzee kuliko wote husimama na kuuliza ni nani aliyeulisha mji. Mwenye zamu hutaja jina lake, na jina hilo hutajwa na wote mara moja. Mzee Wilebaldo alisimama kwa fimbo yake. Akauliza.

Delfina aliinuka. Mikono yake ilikuwa bado na weupe wa chokaa kwenye kucha.

"Petronila," alisema.

Wale wenye mdomo mtupu walilitaja jina hilo, na waliokuwa bado wanatafuna wakaitikia kwa kichwa.